Oktani ya Pikipiki Yako: Mwongozo Kamili kwa Waendesha Pikipiki wa Dar es Salaam

Pita kijiwe chochote cha bodaboda, Mbagala Rangi Tatu au Tegeta Nyuki, utasikia kwamba kuna mafuta makali na mafuta mepesi, na kwamba ukiyapata yale makali chombo kitaruka. Kwa imani hiyo watu wananunua vichupa vya dawa Kariakoo, wengine wanatia kafuri kwenye tanki, wengine wanatafuta "mafuta ya ndege" kwa rafiki wa rafiki. Wakati huohuo plagi haijafunguliwa tangu pikipiki itolewe dukani, na chujio la hewa limejaa vumbi la Goba.

Jibu fupi nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama unaendesha Boxer, TVS, Haojue, SanLG, Fekon au Honda ndogo, petroli ya kawaida ya kituo kinachoaminika inakutosha kabisa, na kuongeza oktani, yaani namba inayoonyesha petroli inavumilia kiasi gani kabla ya kujiwasha yenyewe, hakukuongezei kitu. Kinachokula injini nyingi za jiji hili ni mafuta yaliyochakachuliwa, injini isiyotunzwa na gia isiyolingana na mzigo. Kama unaendesha pikipiki kubwa ya kompresheni ya juu, hapo namba inaanza kuwa na maana kweli, na kuna sehemu yako huko chini.

Hatua ya kwanza: ielewe namba yenyewe

Pistoni ikipanda, inabana mchanganyiko wa hewa na petroli juu yake. Hewa ikibanwa hupata joto. Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi utaelewa. Kisha plagi inatoa cheche, moto unaanzia hapo na kusambaa kwa mpangilio hadi kwenye kuta za silinda. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Shida huja pale petroli isipovumilia joto na mgandamizo. Sehemu ambayo moto wa plagi bado haujaifikia inajiwasha yenyewe, mgandamizo unapanda ghafla, na mawimbi yake yanapiga kichwa cha pistoni na kuta za silinda. Mafundi wanaita kugonga, au noki. Ikitokea mara mojamoja kwa sekunde chache, injini nyingi huvumilia. Ikiendelea wiki hadi wiki, ringi zinavunjika, kichwa cha pistoni kinaliwa hadi kutoboka, gasketi ya hedi (kichwa kinachofunika silinda) inaungua.

Oktani ni kipimo cha uvumilivu huo tu. Maabara hutumia vimiminika viwili kama mizani: isooktani, inayovumilia sana, imepewa 100, na heptani, inayojiwasha haraka, imepewa 0. Petroli ya 95 ni ile inayostahimili sawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5. Namba hiyo haielezi nguvu iliyomo ndani ya lita moja, wala usafi wa mafuta, wala kasi ya pikipiki. Injini iliyoundwa kwa 91 ukiipa 98 haitagundua tofauti, kwa sababu haikuwa inagonga tangu mwanzo.

Jambo moja linalowapoteza wengi, hasa wanaoangalia video za Wamarekani: namba zao hazisomwi kwa kipimo chetu. Sehemu kubwa ya dunia, Tanzania ikiwemo, hutumia RON, yaani oktani inayopimwa kwenye injini ya maabara kwa masharti mepesi. Marekani pampu huandika AKI, ambayo ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON (inayopimwa kwa masharti magumu zaidi), na daima hutoka ndogo kuliko RON. Kwa hiyo 87 ya Marekani ni kama 91 au 92 ya kwetu, na 91 yao inakaribia 95 au 96. Kitabu cha pikipiki iliyotengenezwa kwa soko la Marekani kikisema 91, angalia kwanza ni kipimo gani kabla ya kusherehekea.

Hatua ya pili: tafuta pikipiki yako inataka nini

Anza na kitabu. Najua wengi wetu tulikabidhiwa pikipiki na funguo tu, kitabu kikabaki kwa tajiri (mwenye pikipiki) au kikapotelea dukani. Vitabu vingi vya pikipiki vinapatikana bure mtandaoni ukitafuta jina kamili la modeli na mwaka. Fungua ukurasa wa vipimo vya kiufundi, tafuta mstari wa mafuta. Angalia pia karibu na mfuniko wa tanki, chini ya siti, au kwenye fremu, huwa kuna kibandiko. Pikipiki iliyotumika Japani ikiwa na kibandiko kinachosomeka *haioku*, inataka petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango cha Japani haipungui 96 RON. Isiyo na kibandiko hicho imeundwa kwa petroli yao ya kawaida, ambayo kiwango chake kinaanzia 89.

Usipopata kitabu, tumia kompresheni, yaani uwiano kati ya nafasi iliyopo pistoni ikiwa chini na nafasi inayobaki ikiwa juu. Honda CG125, babu wa pikipiki nyingi za Kichina zinazotembea hapa mjini, ni karibu 9 kwa 1. Yamaha YBR125 ni 10 kwa 1. BMW R1250GS ni 12.5, na Yamaha R1 ya kuanzia 2015 ni 13. Kwa kukadiria tu:

- Chini ya 10 kwa 1, hasa zile za kupozwa na upepo: RON 91 inatosha.
- Kati ya 10 na 11.5: nyingi huenda vizuri na 91 hadi 95, fuata kitabu.
- Kuanzia 12 kwenda juu: ihesabu kuwa inataka 95 au zaidi.

Ni makadirio, sheria ni kitabu. Kawasaki Ninja H2 ina kompresheni ya 8.5 tu, lakini ina supachaja inayosukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo ukiisoma kwa kompresheni peke yake utaidanganya. Umbo la chemba ya kuchomea, mfumo wa kupoza na kompyuta ya injini navyo vina neno.

Kwa bodaboda kuna hoja moja ambayo ningependa kila tajiri na kila dereva aishike. Pikipiki hizi zinatoka India na China. Petroli ya kawaida ya India kwa miaka mingi ilikuwa RON 91. China walikuwa na 90, 93 na 97, kisha wakahamia 89, 92 na 95. Mtengenezaji anayeuza mamilioni ya pikipiki kwa watu wa kawaida wa nchi hizo hawezi kuunda injini inayodai zaidi ya kile kilicho kwenye pampu ya kijijini kwake. Petroli isiyo na risasi inayouzwa kihalali hapa kwetu haishuki chini ya 91. Mahitaji ya Boxer yako yalishatimizwa kabla hujafika kituoni.

Hatua ya tatu: hesabu mazingira ya Dar

Dar iko usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nzito, silinda inajaa vizuri, na mgandamizo ndani ya injini unakuwa mkubwa kuliko injini hiyohiyo ikiwa Mbeya au Iringa. Kadiri unavyopanda milima hewa inakuwa nyepesi na injini inadai oktani ndogo. Ndiyo maana baadhi ya majimbo ya milimani Marekani huuza petroli ya namba ya chini kuliko pwani. Basi pikipiki iliyonunuliwa kwa mtu Makambako, iliyokuwa haina tatizo huko, inaweza kuanza kulia kidogo ikishushwa Dar. Hakuna aliyekuuzia kimeo. Mazingira yamebadilika na udhaifu uliokuwa umejificha umeonekana.

Ongeza joto la Januari na Februari, ongeza foleni ya Buguruni ambako injini ya kupozwa na upepo haipati upepo, ongeza mshikaki wa abiria wawili na mfuko wa mchele. Kila kimoja kinasogeza injini karibu na mpaka wa kugonga. Namba iliyoandikwa kwenye kitabu haibadiliki kwa sababu hizo, lakini akiba uliyokuwa nayo inapungua, na ndiyo sababu mafuta mabaya yanaonekana haraka zaidi mchana wa jua kali kuliko alfajiri.

Hatua ya nne: jua unachouziwa

Kwenye vituo vingi vya jiji hili utakuta bomba la petroli na bomba la dizeli, basi. Hakuna ngazi tatu za namba za kuchagua kama nchi nyingine. Kampuni kadhaa huuza pia petroli yenye viungio vya kusafisha injini, kwa jina la kibiashara la kampuni husika. Viungio hivyo vina faida yake ya kuzuia masizi kwenye valvu na nozeli, lakini usafishaji na oktani ni vitu viwili tofauti. Ukitaka kujua namba, muulize msimamizi wa kituo, usimuulize kijana wa pampu ambaye hajawahi kuambiwa.

Bei pia haikuambii oktani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na unaweza kuziangalia kwa kupiga *152*00#. Kituo kinachouza chini kidogo ya bei kikomo kinaweza kuwa kinashindana kibiashara tu. Bei ya kushangaza, inayotolewa nje ya kituo, ndiyo ya kuogopa.

Hapa ndipo mahali ninapotaka ukae kidogo. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Ukichanganya kiasi cha mafuta ya taa kwenye petroli, namba inaporomoka, na Boxer ambayo ingekuwa salama maisha yake yote inaanza kugonga, kutoa moshi na kupoteza nguvu mlimani. Uchakachuaji ulishamiri sana wakati mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini kuliko petroli. Mwaka 2010 nchi ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta yanayouzwa ndani, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili tofauti ya bei isiwe kishawishi. Vinasaba huwekwa kabla mafuta hayajapelekwa vituoni, na wakaguzi wakichukua sampuli wanaweza kujua kama mafuta yamechanganywa au ni yale ya kwenda nchi jirani yaliyoingizwa sokoni kwa njia ya panya.

Mafuta ya kwenye chupa za maji pembeni mwa barabara hayana ulinzi wowote kati ya huo. Hujui yalitoka wapi, yamekaa juani siku ngapi, chupa ilikuwa na nini kabla, wala kama ni lita kweli. Sehemu nyepesi za petroli huruka kwanza zikikaa juani, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka asubuhi. Nakuelewa ukiishiwa usiku Chanika, kituo kiko mbali na abiria amekaa nyuma: weka kidogo cha kukufikisha, kisha ujaze kituoni. Kuyafanya mazoea ndiko kunakoua injini.

Pale pampu, mambo ni machache. Zima injini, shuka, abiria ashuke. Mwambie, "Dada, niwekee ya elfu kumi, naomba nione sifuri kwanza." Angalia kama pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo. Chukua risiti hata kama ni ya elfu tatu, iweke kwenye pochi. Bila risiti, siku ya kulalamika huna pa kushika. Chagua vituo viwili vyenye magari mengi, maana tanki linalouzwa haraka halikai na maji na mafuta ya zamani, uwe mteja wa hivyo. Ukibadili kituo kila siku hutaweza kujua nani amekuumiza.

Hatua ya tano: isikilize injini

Sasa kipimo cha vitendo, ambacho hakihitaji mashine. Tafuta mlima unaoujua. Ule wa kupanda kutoka Mbezi kuelekea Goba unafaa, au Pugu kwenda Kisarawe kama uko upande huo. Injini iwe imeshapata moto wa kawaida, umetembea dakika kumi na tano hivi. Mwendo kama wa kilomita 40 kwa saa, gia ya tatu au ya nne, barabara ikiwa wazi nyuma na mbele yako. Fungua mafuta taratibu hadi karibu mwisho bila kushusha gia, kwa sekunde tatu au nne tu, sikiliza, kisha rudisha mkono.

Kugonga kwa mafuta kuna tabia yake. Ni sauti kavu ya chuma, nyembamba, ya haraka, inayokuja injini ikibeba mzigo katika mzunguko mdogo, na inakatika papo hapo ukirudisha mkono au ukishusha gia. Usipoisikia, umefaulu: pikipiki yako inapata oktani inayoihitaji, na hakuna chupa itakayoiboresha kwa upande huo.

Usichanganye na sauti nyingine. Tapeti (sehemu zinazosukuma valvu zifunguke) zilizolegea hugonga hata pikipiki ikiwa imesimama, na kasi ya mlio inafuata mzunguko wa injini, mzigo uwepo usiwepo. Cheni ya taiming iliyochoka hulia injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta, zaidi asubuhi. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga injini ikiwa ya baridi, na hupungua ikishapata moto. Nimeona watu wakibadili kituo cha mafuta mara tatu kwa sababu ya tapeti ambazo fundi angezirekebisha kabla chai haijapoa.

Ukisikia kugonga kwenyewe, fanya hivi: maliza tanki hadi karibu na akiba, jaza kituo kingine kabisa, kisha rudi mlima uleule, gia ileile, muda uleule wa siku, na mzigo uleule. Sauti ikiondoka, tatizo lilikuwa mafuta. Ikibaki, nenda hatua inayofuata kabla hujamlaumu mtu.

Hatua ya sita: chunguza injini kabla ya mafuta

Fungua plagi kwanza. Ncha ya kahawia isiyokolea ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi au chujio la hewa lililoziba. Nyeusi yenye unyevu wa oili maana yake oili inapanda kwenye chemba. Nyeupe kabisa, au yenye vidoadoa vidogo vinavyong'aa, ni dalili ya joto kupita kiasi, na vile vidoa vinaweza kuwa chembe za pistoni yenyewe. Ukiona hivyo, simamisha kazi siku hiyo, mpigie tajiri, mweleze. Hesabu ya siku moja (pesa unayompelekea tajiri) ni ndogo kuliko pistoni, ringi na silinda.

Angalia namba ya plagi pia. Kwa plagi za NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi na ndogo ni ya moto zaidi. Honda CG125 hutumia D8EA. Fundi akikuwekea yenye 6 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, ncha yake inabaki na joto kubwa na inaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche.

Halafu hewa. Ile raba inayounganisha kabureta na hedi hupasuka kwa jua. Ikipasuka inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inapata moto na kugonga. Jeti, yaani kijitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, ikiziba nusu inaleta hayohayo. Safisha kabureta kwa petroli na upepo wa kompresa, usitoboe jeti kwa waya wa breki, maana tundu lake likipanuka hutapata tena kipimo.

Masizi juu ya pistoni ni chanzo kingine ninachokiona mara nyingi kwenye pikipiki zilizokula kilomita nyingi mjini. Yanapunguza nafasi ya chemba, hivyo kompresheni inapanda bila mtu kukusudia, na yanabaki na joto jekundu. Injini inayokula oili inayatengeneza haraka, na hiyo oili ikiingia kwenye chemba inashusha oktani ya mchanganyiko wote. Yaani unaweza kununua petroli nzuri kabisa na injini yako ikaiharibu yenyewe. Kushusha hedi na kusafisha ni kazi ya nusu siku kwa fundi mzuri.

Muulize fundi pia alifanya nini mara ya mwisho alipofungua injini. Hedi iliyokatwa ili kuondoa mgongo (kupinda kwake), gasketi nyembamba kuliko ya awali, pistoni ya modeli nyingine, CDI (kifaa kinachopanga muda wa cheche) ya bei rahisi inayowahisha cheche: kila kimoja kinabadilisha mahitaji ya mafuta. Pikipiki ya namna hiyo haifuati tena kitabu, na unapaswa kuiendesha kwa kusikiliza.

Kisha gia. Kwa bodaboda wengi, dawa ya kugonga iko kwenye mguu wa kushoto. Ukiwa na mzigo mlimani, shusha gia mapema, injini izunguke kwa uhuru. Kubana gia ya nne kwa kuamini unaokoa mafuta kunaipa pistoni kipigo ambacho hata petroli ya 98 haiwezi kukizuia chote.

Hatua ya saba: dawa za chupa, kafuri na mafuta ya ndege

Vichupa vya kuongeza oktani vipo, na baadhi vinafanya kazi, lakini soma maandishi madogo. Vingi hujisifu kwa "pointi". Kwenye biashara hiyo pointi moja huwa ni sehemu ya kumi ya namba ya oktani, kwa hiyo chupa inayoongeza pointi 30 inakutoa 91 hadi 94, na inayoongeza pointi 5 inakutoa 91 hadi 91.5. Vyenye manganizi au madini ya chuma huacha rangi nyekundunyekundu kwenye plagi, na ukivizidisha vinaiharibu. Tuseme kichupa ni shilingi 15,000 na unaweka kimoja kila wiki: kwa mwaka ni 780,000. Kwa Boxer ambayo haikuwa inagonga, hiyo ni ada ya mtoto uliyoimwaga kwenye tanki.

Kafuri na zile tembe nyeupe za kufukuza mende kabatini ziache kabatini. Tembe hizo za naftalini huyeyuka kwenye petroli, lakini petroli ikiruka zinarudi kuwa chenga ndani ya kabureta na kuziba jeti.

Mafuta ya ndege ndiyo hatari kubwa zaidi, kwa sababu jina lake linavutia. Ndege kubwa unazoziona zikitua Uwanja wa Julius Nyerere hutumia Jet A-1, ambayo ni mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu. Ukiyatia kwenye pikipiki umefanya uchakachuaji kwa mkono wako mwenyewe. Ndege ndogo za injini za pistoni hutumia aina nyingine yenye oktani ya juu, maarufu ikiitwa 100LL, lakini hiyo ina risasi, madini ya sumu ambayo nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliyaondoa kwenye petroli ya magari mwanzoni mwa 2006. Inaharibu kichujio cha moshi na sensa ya oksijeni za pikipiki za kisasa, na inakuingia mwilini. Anayekuuzia dumu hawezi kukuthibitishia ni ipi kati ya hizo mbili.

Hatua ya nane: ukiwa na pikipiki kubwa

Wenye BMW, KTM, Ducati, R1 na ndugu zake, ninyi ndio mnaohitaji kujali namba. Kama kitabu kinasema 95 kwa kiwango cha chini, muulize msimamizi wa kituo oktani ya mzigo wake, na jazeni kwenye kituo kimoja chenye mauzo makubwa. Baadhi ya pikipiki za daraja hili zina sensa ya kugonga inayochelewesha cheche ikisikia kelele. Inalinda injini, ila unapoteza nguvu kidogo na mafuta yanaenda zaidi. Zisizo na sensa hiyo hazina mlinzi, na hizo ndizo za kuendesha kwa uangalifu.

Ukienda safari ndefu, jaza tanki hapa mjini au Chalinze kabla ya kuingia sehemu ambazo vituo ni vichache na mafuta yanakaa muda mrefu kwenye tanki la ardhini. Ukilazimika kujaza mafuta usiyoyaamini, usijaze full. Weka kidogo juu ya yale mazuri yaliyobaki, epuka kufungua mafuta hadi mwisho kwenye mzunguko wa chini, tumia gia ndogo, kisha ujaze mazuri mara ya kwanza utakapoyapata. Kwa kundi hili peke yake, chupa nzuri ya kuongeza oktani kwenye begi la safari ni akiba yenye maana, ikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa.

Hatua ya tisa: ukishuku mafuta mabaya

Pikipiki imezima mita mia mbili baada ya kutoka kituoni, au inakohoa tangu ujaze. Usiendelee kuipiga stata na kiki hadi betri na mguu vichoke. Toa kidogo kupitia bomba la mafuta kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, mbali na moto, sigara na jiko la mama lishe. Iache itulie dakika kumi. Maji hukaa chini na mstari wake unaonekana wazi. Wakati wa masika hili si jambo la ajabu, hata maji ya mfuniko wa tanki lako mwenyewe yanaweza kuwa chanzo, kwa hiyo kagua raba yake.

Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe safi, iache kivulini. Petroli safi huruka yote ndani ya dakika chache na karatasi inabaki karibu kama ilivyokuwa. Ikibaki doa la mafuta na harufu ya taa, kuna kitu kizito kimechanganywa. Kipimo hiki hakikupi namba ya oktani na hakigundui kila uchakachuaji, lakini kinatosha kukufanya uache kuendesha.

Mwaga tanki lote kwenye dumu, usilimwage kwenye mtaro. Safisha bakuli la kabureta, weka plagi safi, jaza petroli ya kituo kingine. Funga sampuli kama nusu lita kwenye chupa ya kioo, andika kituo, tarehe, saa na namba ya pampu, uiweke pamoja na risiti. Rudi kwanza kwa msimamizi wa kituo, kwa utulivu. Vituo vingi vinavyojali jina lake huchukua malalamiko kwa uzito, hasa mkija waendesha pikipiki wawili watatu mliojaza saa zilezile. Ukipuuzwa, peleka malalamiko EWURA kwa maandishi ukiwa na risiti, picha za plagi na maelezo ya fundi. Kama shaka yako ni ujazo na siyo ubora, hao ni Wakala wa Vipimo.

Na kama kijiwe chenu kina kundi la WhatsApp, andika humo kituo, tarehe na ulichokiona kwenye chupa, bila kuongeza chumvi, ili mwenzako wa zamu ya usiku asijaze palepale kabla wakaguzi hawajafika.